Stoo ya Darasa la Pili

Funguo nilizokabidhi siku yangu ya mwisho kazini zilikuwa kumi na tisa, nimezitunga kwenye spoku ya baiskeli iliyokunjwa pete. Binti aliyenipokea, Tumaini, alizichukua kwa mkono mmoja, mwingine uko kwenye simu. Nikamwambia ahesabu. Akasema, "Mama, nakuamini." Nikamjibu kwamba hapo hapo ndipo ameanza vibaya. Akacheka. Sikucheka. Nikaenda nyumbani nikatafuta daftari la mistari na kalamu, ndiyo haya mnayosoma.

Mimi naitwa Ferista Kikoti, mzaliwa wa Kilolo. Shule nimeishia darasa la nne. Nimekuwa mhudumu wa shule za msingi tangu nikiwa msichana wa miaka ishirini na mbili, na sasa nina hamsini na moja. Kifua kimekataa vumbi la chaki, daktari kaandika barua, nimepumzishwa. Wenye mwandiko mzuri watanivumilia. Nawaandikia wahudumu mnaobaki, mnaofungua milango kabla ya walimu na kuifunga baada yao, na jambo likiharibika ndio mnaoulizwa kwanza.

Kazi nilifundishwa na mzee mmoja wa Kilolo, mzee Tavimyenda. Siku ya kwanza ukungu ulikuwa mzito, hata mlingoti wa bendera hauonekani. Alinipa fagio, akanionyesha darasa, akaenda kukaa nje kwenye jiwe. Nikafagia, nikafunga mlango, nikamfuata. Akaniuliza kuna nani humo ndani. Nikasema hakuna mtu. Akaniuliza nimejuaje. Akanirudisha, akaniambia kabla ya kufunga chumba natembea mpaka ukuta wa mwisho, naugusa kwa kiganja, ndipo narudi mlangoni. Kila chumba, kila jioni, hata kama nimetoka humo sasa hivi. Na kwa sababu hakuniamini, alikuwa anaacha kofia yake ya sufu chini ya ukuta wa mwisho wa chumba kimoja, hasemi kipi. Nikitoka bila kofia, naanza upya vyumba vyote. Miaka tisa nilifanya kazi na yule mzee, na kofia ile niliichukia kuliko mkoloni.

Kisha mume wangu alifuata mpunga Usangu, na mimi nikamfuata mume. Mpunga ulikauka, mume akafuata mwanamke mwenye shamba la vitunguu Ruaha Mbuyuni. Mimi nikabaki na shule.

Jina la shule ile sitaliandika, maana shule haina kosa. Ilikuwa katikati ya mbuga, jua kali miezi yote, halafu mvua ikianza ni matope mpaka magotini. Watoto walikuwa mchanganyiko: Wasangu, Wabena, Wanyakyusa, na watoto wa Wasukuma ambao baba zao walishuka na ng'ombe kutoka kaskazini. Darasa la pili peke yake walikuwa mia na kumi na watatu, chumba kimoja. Mistari ya mbele walikaa madawati, wa nyuma walikaa chini, migongo ukutani.

Nyuma ya ukuta ule kulikuwa na stoo. Mlango wake ulikuwa upande wa pili, unaoangalia vyoo. Haina dirisha. Ndani yake mlijaa madawati yaliyovunjika, vitabu vya mtaala wa zamani na makopo ya rangi. Watoto walisema humo kuna msukule, yaani mtu ambaye nyumbani kwao wameshamlilia na kumzika, kumbe kuna mtu kamficha anamtumikisha. Walikuwa wanapita mbali na mlango ule, wakienda chooni wanazunguka. Na mimi niseme ukweli, jua likianza kushuka nilikuwa natikisa kufuli kwa nje, nikiona limeshika, naondoka. Kofia ya Tavimyenda ilikuwa imebaki Kilolo.

Mwalimu wa darasa la pili alikuwa Adelina Mbilinyi. Naandika jina lake lote. Alikuwa mwalimu anayejua kazi, mwandiko wake ubaoni ulikuwa kama umechapwa. Lakini hakutaka kusikia kilugha darasani. Mtoto akiteleza akasema Kisukuma au Kisangu, Adelina hampigi. Anamweka stoo, anafunga, anamwambia akae kimya kabisa, asitoe hata sauti ya kikohozi, mpaka atakaposikia jina lake likiitwa. Akilisikia aitike, "Nipo, mwalimu," ndipo anafunguliwa. Kwa kawaida ilikuwa ni nusu kipindi. Mwalimu Mkuu, Mwakalinga, alijua. Alikuwa anasema afadhali hivyo kuliko viboko, wazazi hawaoni alama. Na mimi nilijua. Ufunguo mmoja wa stoo ulikuwa kwa Adelina, mwingine kwangu.

Nafika sasa kwenye wiki yenyewe.

Ilikuwa mwanzo wa mvua. Walimu wa madarasa ya chini waliitwa Mbeya mjini kwa semina ya siku tano. Mwalimu Mkuu akaniambia darasa la pili nitalishika mimi, niwaimbishe silabi wasizurure. Nikamwambia mimi ni la nne. Akasema, "Wao ni la pili. Umewazidi mara mbili."

Jumatatu asubuhi gari la semina lilitakiwa lije saa tatu, likaja saa moja na nusu. Adelina alinikimbilia, akanipa daftari la mahudhurio, kalamu na fimbo ya kuonyeshea ubaoni, akapanda gari, akaenda. Kile ambacho hakuniambia nawaambia ninyi sasa hivi, msije mkadhani nasimulia habari za mashetani: alikuwa ameshamweka mtoto stoo. Kabula Masanja, miaka saba, mtoto wa wafugaji. Alikuwa amefika mapema, akasalimia kwa Kisukuma. Adelina alipanga kumtoa wakati wa kuita majina. Gari likamuwahi.

Kabula alikuwa mtoto asiyesikika. Kiswahili alikuwa nacho kidogo sana, na siku za shule alikaa kwa shangazi yake kijijini, kwa sababu boma la baba yake lilikuwa mbali kule malishoni. Ijumaa baba anamfuata kwa baiskeli. Jumatatu ile shangazi alimwona akitoka na begi lake, ndani kuna kikombe cha mahindi, mchango wa uji. Jioni hakumwona, akajua baba kamchukua akasaidie ndama, mvua zimeanza. Baba anajua yuko kwa shangazi. Mtu pekee aliyekuwa na kitu cha kusema mtoto yuko wapi ni mwenye daftari.

Mimi nasoma kwa kidole. Nikiinua macho napoteza mstari. Kwa hiyo Jumatatu niliita majina mia na kumi na tatu nikiwa nimeinamia meza, natia vema, naenda. Nilipofika Kabula Masanja, sauti ikajibu kutoka nyuma, haraka, kama ya mtu aliyekuwa anangoja zamu.

"Nipo, mwalimu."

Nikatia vema. Kisha nikasikia kitu kinagonga mara tatu, polepole. Nikajua ni dawati. Watoto wa nyuma hawakuwa na dawati, lakini hilo sikulifikiria.

Jumanne niliwafundisha kuhesabu kwa vizibo vya soda. Kila mtoto vizibo ishirini, tunahesabu wote kwa pamoja, kizibo kimoja kimoja kinaingia kwenye kopo. Watoto mia wakihesabu pamoja bati linatetemeka. Tukafika ishirini, nikanyoosha mkono, wakanyamaza wote. Katika ule ukimya sauti moja ikasema, "Kumi na tisa." Ikapumzika. "Ishirini."

Hakuna aliyecheka. Ninyi mnaowajua watoto wa darasa la pili mnaelewa hilo linamaanisha nini. Mtoto akichelewa kuhesabu, wenzake watamcheka mpaka mapumziko. Wale walikaa wanatazama vizibo vyao.

Jumatano nilikuta mstari wa nyuma hauna mtu. Wamesogea mbele wote, wamebanana kama mahindi kwenye gunzi, ukuta umebaki mtupu. Niliwarudisha kwa fimbo. Wakarudi, lakini wakakaa wameukabili ukuta, mimi wamenipa migongo. Nikaanza kuita majina. Nilipofika lile jina, sauti ikajibu kama siku zote, ila imekauka kidogo. Nikainua kalamu. Hapo msichana mmoja aliyekaa mbele, Neema, akasimama. Neema alikuwa na mdomo, mama yake ni muuza maandazi pale getini.

"Mwalimu, Kabula hayupo."

Nikamwambia si ameitika.

"Anayeitika siyo yeye. Ni yule wa ukutani. Anaitikia majina ya wasiokuja."

Darasa zima lilikuwa linanitazama. Ningetembea hatua kumi na mbili, nimezihesabu baadaye, ningefika ukuta wa mwisho. Ningeweka kiganja. Kwa nini sikwenda, nimejiuliza hivyo miaka yote. Sababu ya kwanza niliyowapa polisi ni kwamba sikutaka watoto wanizoee. Sababu yenyewe ni kwamba niliogopa. Niliamini kama wao. Mtu mzima wa miaka arobaini, nina funguo kiunoni, niliogopa ukuta.

"Kaa chini," nikamwambia Neema. Nikatia vema.

Mchana ule mvua ilinyesha hata mtu akipiga kelele hasikiki. Niliandika ubaoni ba, be, bi, bo, bu, wakanakili kimya kimya. Mara mbili nilihisi sakafu inatetemeka chini ya kiatu. Nikaenda kusimama karibu na mlango, nikafundishia pale.

Alhamisi nilifagia mapema kabla hawajaingia, nikakuta jambo. Chini ya ukuta wa nyuma, kwenye kona, kulikuwa na tundu la panya, linaingia ngumi ya mtoto. Mbele ya tundu kulikuwa na makombo: kipande cha kiazi, ugali umefinyangwa tonge, nusu andazi. Nikamwita Neema nikamuuliza. Akaniambia bila wasiwasi kwamba wanamlisha. Tangu Jumanne. Kila mmoja anakata kidogo kwenye chakula chake anasukuma tunduni, ili yule wa ndani asiwachukue.

"Na anakula?" nikamuuliza.

"Anavuta."

Nilimpeleka Neema nje. Nikarudi na fagio, nikafagia makombo yote. Nikachukua karatasi ya mfuko wa saruji, nikaivingirisha, nikaisokomeza kwenye lile tundu, nikaikandamiza kwa mpini wa fagio mpaka ikakaza. Wakati naikandamiza, nilisikia upande wa pili kitu kinaigusa. Kidogo tu, kama kuku anavyodonoa.

Nikamwambia Mwalimu Mkuu kuna panya stoo. Mwakalinga alikuwa anajaza fomu, hakuinua kichwa. Akasema tutaweka sumu wiki ijayo, Adelina akirudi na ufunguo wake. Nikamwambia ufunguo mwingine ninao mimi. Akasema basi haina haraka.

Ijumaa niliita majina. Nilipofika pale, kimya. Kwa mara ya kwanza wiki nzima nikainua macho. Watoto wote mia na ngapi hawakuwa wananitazama mimi, walikuwa wamegeuka nyuma, wanangoja. Nikarudia jina. Ikapita muda ambao mtu angeweza kufunga kamba za viatu. Kisha ikaja, lakini siyo sauti tena, ni kama mtu anaongea ndani ya mtungi.

"Nipo... mwalimu."

Nikatia vema. Mlitazame lile daftari mkipata nafasi, kama hawajalichoma. Vema la Ijumaa limepinda. Niliwaruhusu watoto saa tano, nikasema kichwa kinauma.

Baba yake alikuja mchana, mimi nafunga madirisha. Mwanaume mrefu, mtaratibu, kaegemeza baiskeli, kidumu cha maziwa kimefungwa kwenye karia. Wasukuma hawaanzi na shida. Alinisalimia, akauliza watoto wangu, akauliza mvua, ndipo akasema amekuja kumchukua Kabula. Nikasema watoto wameondoka zamani. Akasema amepitia kwa dada yake, na dada yake anasema hajamwona mtoto tangu Jumatatu, alijua yuko bomani.

Nilifungua daftari haraka, nikamwonyesha. Vema tano. Nikampitishia kidole kwenye mstari, nikamwambia, baba, mtoto alikuja siku zote, leo pia ameitika.

Yeye hakulitazama daftari. Alinitazama mimi.

"Mama, mimi hivyo sivijui. Mwite."

"Nimwite wapi, baba, na shule tupu?"

"Unavyomwitaga asubuhi. Mwite hivyo hivyo."

Nikaenda mbele, mezani. Darasa tupu lina mwangwi. Nikaweka kidole kwenye jina, ingawa hapakuwa na haja.

"Kabula Masanja."

Inzi tu dirishani. Nikaita tena. Na ukuta ukajibu.

"Nipo, mwalimu."

Nilikimbia. Sikukimbilia stoo. Nilikimbilia getini, na hili nimelisema mbele ya polisi na mchungaji, nalisema na kwenu. Aliyenikamata mkono ni yule baba. Hakupiga kelele. Alinivuta kuzunguka jengo mpaka mlango wa stoo, mimi natafuta ufunguo, vidole havishiki. Akaniacha, akaenda kuchukua nondo ya kupigia kengele, akaipitisha kwenye kufuli, akalivunja.

Alikuwa amesimama. Hakukaa wala hakulala, alisimama wima, mikono imebana ubavuni, ameukabili ukuta wa darasa, kama wanavyosimama wakiitwa majina. Kopo la rangi lilikuwa chini ya bati linalovuja, lina maji. Begi liko wazi, mahindi yamebaki punje chache. Na pale tunduni, ile karatasi yangu ya saruji ilikuwa imevutwa, na ile sehemu ya ndani imetafunwa.

Baba yake alimwita kwa Kisukuma. Mtoto hakumwangalia, aligeuza shingo upande wangu. Alinitazama mimi. Akaendelea kunitazama, midomo imepasuka, magoti yanacheza. Sikuelewa anachongoja. Baba yake ndiye aliyeelewa.

"Mwambie akae."

"Kaa chini, Kabula," nikasema.

Ndipo miguu ikamwachia.

Alipona. Zahanati walimwekea maji siku mbili, baba yake akamchukua. Baadaye mama yake alisema mtoto alikuwa analia kwa kuuma sketi, kwa sababu mwalimu alisema asitoe sauti mpaka aitwe. Na kila siku alikuwa anaitwa. Kila siku aliitika vizuri. Hakujua kosa lake ni lipi linalofanya asifunguliwe.

Sasa wenye kosa. Adelina Mbilinyi alihamishiwa shule nyingine, anafundisha hadi leo. Nilipompigia simu aliniambia, "Dada Ferista, mimi nilijua umemfungulia. Funguo si unazo?" Nikamuuliza mbona siku tano hakupiga kuuliza. Akasema semina ilikuwa na mambo mengi. Mwakalinga aliandika taarifa kwamba mtoto alijifungia mwenyewe wakati akicheza. Kujifungia ndani kwa kufuli la nje, mwalimu mkuu mzima aliandika hivyo, akagonga na muhuri. Wanakijiji walitaka kunipiga mimi. Waliponizunguka, mmoja ana jembe, ni yule baba aliyesimama mbele yangu akasema niachwe, wangoje binti yake apone kwanza. Nililala mahabusu siku tano. Kila asubuhi askari alisoma majina bila kuinua macho, na mimi nikaitika, "Nipo, afande." Siku ya tatu nilielewa kitu ambacho siwezi kukiandika vizuri.

Wa tatu ni Ferista Kikoti. Aliziba tundu. Watoto wa miaka saba wanaoogopa msukule walilisha, mtu mzima akafagia chakula.

Baada ya pale nilipata kazi Iringa mjini, kwenye shule ambayo nimemalizia. Kila jioni nilitembea mpaka ukuta wa mwisho wa kila chumba, nikaweka kiganja. Walimu vijana waliniita Mama Ukuta. Waliniuliza kama nasali. Na siku walizonipa daftari la mahudhurio, maana siku hizo huwa zinakuja, mjiandae, niliita jina moja, nikainua macho, nikamtafuta mtoto mwenyewe, ndipo nikatia alama. Inachukua kipindi kizima. Wakilalamika, waacheni walalamike.

Tumaini, hesabu hizo funguo.

Mwezi uliopita, baada ya kupumzishwa, nilikwenda Usangu. Boma la mzee Masanja liko pale pale. Kabula ni mwanamke sasa, ana mtoto mgongoni, ana afya. Mama yake alimwita alete kiti cha mgeni. Aliita kwa sauti, jina lake, kwenye nyumba ya pili. Hakuna jibu. Nikadhani hayupo. Mama akaniambia tungoje tu. Tangu ile wiki akiitwa jina haitiki, hata aitwe na nani.

Anakuja. Alitoka na kiti, akapita uani, akaja akasimama mbele yangu karibu kabisa, kimya, mpaka nikainua macho nikamwona. Ndipo akaweka kiti chini.